Ugaga si nguzo ya jino
Nasaha kwa familia za Sumbawanga na Ufipa kuhusu mashine ya kusafishia meno na utunzaji wa meno ya kupandikizwa

Miezi ya Juni na Julai, upepo unaposhuka kutoka milima ya Mbizi, maji ya udhu wa alfajiri mjini Sumbawanga huwa ya baridi kali. Mwenye kinywa kizima husukutua, akatetemeka kidogo, akaendelea kuosha uso. Lakini yule ambaye fizi zake zimerudi nyuma na mizizi ya meno kubaki wazi, maji hayo humchoma hadi utosini. Wapo wazee wetu ambao, kwa kuyaogopa maumivu hayo, huyagusisha maji midomoni tu na kuiacha sunna ya kusukutua. Ukiwauliza, watakujibu kwamba huo ndio uzee.

Mara nyingi si uzee. Ni maradhi ya fizi, na maradhi hayo yana sababu na yana tiba. Tatizo ni kwamba mzee huyo akishauriwa aende akasafishwe meno kwa mashine, jibu lake huwa limekwisha kuandaliwa: mashine ile hulegeza meno, fulani alisafishwa, wiki ya pili meno yakaanza kuachana. Imani hii imewafanya watu wengi kuukumbatia ugaga kana kwamba ni saruji inayoyashikilia meno, mpaka siku jino linapotoka lenyewe wakati wa kula. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba ukweli ni kinyume chake, na kwamba jambo hilohilo ndilo linaloamua iwapo jino la kupandikizwa, lililogharimu fedha nyingi, litadumu au litapotea.

Ukoga hugeuka kuwa jiwe

Kila baada ya kula na kulala, meno hufunikwa na utando laini unaonata. Huo ndio ukoga. Ndani yake wamo vijidudu wengi mno wasioonekana kwa macho. Maadamu ukoga ungali laini, mswaki huuondoa kwa wepesi. Ukiachwa, ndani ya siku chache huanza kunyonya madini yaliyomo katika mate na kuwa mgumu kama chokaa. Hapo hauitwi tena ukoga, bali ugaga, na hakuna mswaki utakaoung'oa, uwe wa mti au wa dukani.

Ugaga hupenda mahali pawili zaidi: upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, na upande wa nje wa magego ya juu. Sababu ni kwamba hapo ndipo mifereji ya mate inapofungukia. Sehemu hizo ndizo ambazo mpiga mswaki mwenye haraka huzisahau, kwa kuwa hazionekani katika kioo.

Ugaga una uso wenye mikwaruzo, na ukoga mpya huganda juu yake upesi. Vijidudu huchokoza ufizi. Ufizi huvimba, huwa mwekundu na kutoka damu. Hali isipotibiwa, uvimbe hushuka chini, nyuzi zinazolishika jino hukatika, na mfupa wa taya huliwa kidogo kidogo. Jino linalocheza ni jino lililopoteza mfupa, na aghalabu kilichouondoa mfupa ni maradhi yaliyojificha chini ya ugaga uleule tuliodhani unalishikilia.

Maradhi haya si ya Ufipa pekee. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kwamba takribani bilioni 1 miongoni mwao wana maradhi makali ya fizi. Kwa wenye kisukari madhara huongezeka kwa njia mbili: sukari iliyopanda huzidisha uvimbe wa fizi, na uvimbe wa fizi nao huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Watumiaji wa sigara na ugoro nao wamo katika hatari kubwa zaidi.

Mashine inafanya nini?

Tangu zamani madaktari wameondoa ugaga kwa vyuma vya mkono vyenye makali madogo, na vyuma hivyo vinatumika hadi leo. Katika miaka ya 1950 ndipo ilipoanza kutumika mashine ya umeme yenye ncha inayotetemeka. Mashine hiyo haichimbi wala haizunguki kama keekee ya kutobolea jino bovu. Ncha yake hutetemeka kwa kasi kubwa, kwa kawaida kati ya mara 25,000 na 45,000 kwa sekunde, lakini mwendo wake ni mdogo mno, chini ya unene wa karatasi chache. Mtetemo huo huuvunja ugaga vipande vipande na kuuachanisha na jino.

Maji hutiririka kwenye ncha muda wote. Yana kazi mbili: kupoza ncha isipate joto likaliumiza jino, na kuosha vipande vya ugaga pamoja na vijidudu. Fundi hodari hutumia ubavu wa ncha badala ya kuuchoma uso wa jino, huigusisha kwa wepesi bila kuikandamiza, na huisogeza daima bila kuituliza mahali pamoja. Ikitumiwa hivyo, jino halidhuriki. Ikitumiwa kwa nguvu, bila maji ya kutosha au kwa ncha iliyochakaa, inaweza kulikwaruza na kulipasha joto. Kwa hiyo tofauti kati ya manufaa na madhara imo katika elimu ya mkono unaoishika.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulitegemea laini inayotoka nchi jirani ya Zambia, na kukatika kwake si jambo geni kwetu. Ukifika kituoni ukakuta umeme haupo, usirudi nyumbani kwa kudhani kwamba bila mashine hakuna matibabu. Kazi hiyohiyo hufanyika vizuri kwa vyuma vya mkono, ingawa huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingi daktari huvitumia vyote viwili kwa mgonjwa mmoja.

Kwa nini fulani aliona meno yanaachana?

Turudi kwa yule fulani. Hakusema uongo, alieleza alichokiona. Ugaga wake ulikuwa umejaza nafasi kati ya meno. Ulipoondolewa, nafasi zikaonekana. Ufizi uliokuwa umevimba ulipopona, ukanywea na kurudi kwenye umbo lake, na shingo za meno zikadhihiri. Meno ambayo mfupa wake ulikuwa umekwisha kuliwa yakahisiwa kucheza, kwa kuwa lile tabaka la jiwe lililoyaunganisha halikuwepo tena. Mashine haikuuondoa mfupa; iliufunua upungufu uliokuwapo tangu zamani. Ni sawa na ukuta wa tope ulioliwa na mchwa: mtu akibandua chokaa ya nje, mashimo huonekana, lakini si yeye aliyeyatoboa.

Kwa siku kadhaa baada ya kusafishwa, meno huweza kushtuka yanapokutana na maji ya baridi, na ufizi huweza kutoka damu kidogo. Hayo ni mambo ya kupita. Piga mswaki laini, tumia dawa ya meno yenye floraidi, na tia udhu kwa maji yaliyopashwa moto kidogo ikiwa baridi imezidi. Maumivu yakizidi siku baada ya siku, au ukiota usaha, rudi kwa daktari.

Pia mashine haiwezi kila kitu. Ndugu zetu waliokulia Arusha, Manyara au Singida, ambako maji ya baadhi ya maeneo yana floraidi nyingi, huenda wakawa na madoa ya kahawia yaliyoingia ndani ya jino lenyewe. Madoa hayo si ugaga, na kusafishwa mara kumi hakutayatoa.

Kabla ya kukaa kwenye kiti

Mweleze daktari hali yako ya afya bila kuficha. Mwambie kama una kisukari, maradhi ya moyo, valvu ya bandia au kifaa kinachoendesha mapigo ya moyo, kwa kuwa baadhi ya mashine za aina ya zamani zinahitaji tahadhari kwa mwenye kifaa hicho. Mwambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una ujauzito, pumu, au kikohozi cha muda mrefu. Mashine hii hurusha ukungu wa maji uliochanganyika na mate na damu. Kwa mwenye kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, ukungu huo ni hatari kwa walio chumbani.

Una haki pia ya kuuliza. Je, ncha na vyuma vimetakaswa kwa mvuke wa moto baada ya mgonjwa aliyetangulia? Homa ya ini na virusi vya Ukimwi huweza kupita katika damu, na kuuliza swali hilo kwa adabu si utovu wa heshima. Kwa sababu hiyohiyo, jiepushe na mafundi wa mitaani wanaokwangua meno kwa misumari na visu, au kuyapaka tindikali ili yang'ae. Vilevile vifaa vidogo vya umeme vinavyouzwa mitandaoni kwa ajili ya kujikwangulia ugaga nyumbani havifai. Mtu hawezi kuona chini ya ufizi wake mwenyewe, na ncha ya chuma katika mkono usiofundishwa hulijeruhi jino na ufizi.

Mlango wa kwanza kwa wakazi wa mkoa wetu ni idara ya meno ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Sumbawanga. Kwa yanayohitaji bingwa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Laela na Tunduma.

Na mwenye kufunga?

Wengi huuliza kuhusu Ramadhani. Baraza la kimataifa la fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilitaja kuziba jino, kung'oa na kusafisha meno miongoni mwa mambo yasiyobatilisha funga, kwa sharti kwamba mtu ajiepushe na kumeza kinachofika kooni. Hata hivyo mashine hii hutumia maji mengi, na aliyelala chali akiwa na maji kinywani yumo karibu na kuyameza. Ikiwa hakuna dharura, kheri ni kupanga matibabu hayo kabla ya Ramadhani au baada yake. Penye maumivu ya dharura, usijitese. Tibiwa, na uulize wanazuoni wa mahali ulipo.

Jino la kupandikizwa

Jino likishapotea, zipo njia kadhaa za kulifidia: meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, daraja linaloegemea meno ya jirani, na kipandikizi. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya madini ya titani inayoingizwa ndani ya mfupa wa taya. Huachwa kwa muda wa miezi 3 hadi 6 hivi ili mfupa uishike, kisha juu yake hufungwa jino lenyewe.

Elimu hii ilianza kwa jambo lisilokusudiwa. Mnamo mwaka 1952, mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mtiririko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia vyombo vya titani. Alipotaka kuvitoa, akakuta mfupa umeshikamana navyo. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Vipandikizi hivyo vilimtumikia Larsson mpaka alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Hivyo kipandikizi kinaweza kudumu umri wa mtu, lakini hakidumu kwa kuachwa.

Je, sheria inasemaje? Abu Daud, Tirmidhi na Nasai wamepokea habari za sahaba Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab. Alitengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie ya dhahabu, ilhali dhahabu kwa wanaume ni haramu kuwa pambo. Imepokewa pia kwamba Uthman bin Affan (r.a.) aliyafunga meno yake kwa dhahabu. Kutokana na habari kama hizo wanazuoni wamejuzisha kurudisha kiungo kilichopotea kwa ajili ya tiba. Hilo ni tofauti na kuchonga meno yaliyo mazima ili kupata mwanya wa urembo, jambo ambalo hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) imelilaani. Kuondoa ugaga hakuingii katika katazo hilo, kwa sababu kunachoondolewa ni uchafu, si umbile.

Lipo swali moja ambalo Muislamu asiache kuliuliza. Pale mfupa wa taya ulipopungua, daktari huweza kuongeza unga wa mfupa na kufunika kwa utando maalumu. Baadhi ya vitu hivyo hutokana na ng'ombe, baadhi hutengenezwa maabara, na baadhi ya tando hutokana na nguruwe. Uliza mapema, kabla ya siku ya upasuaji, ili daktari aagize kinachofaa.

Kukitunza ukiwa mbali na aliyekipandikiza

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa mahindi wa Laela ameuza mavuno yake, akaenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, akapandikiziwa jino katika kliniki binafsi. Amerudi akiwa na furaha, na moyoni anasema: jino hili ni chuma, halitoboki, sasa nimepumzika. Hapo ndipo anapokosea. Ni kweli kwamba titani haitoboki, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka ni nyama na mfupa wake mwenyewe.

Jino la asili limefungwa kwenye taya kwa nyuzi zinazohisi na kutahadharisha. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, na ufizi hukishika kwa udhaifu zaidi. Ukoga ukijikusanya, ufizi huvimba. Katika hatua hii usafi na matibabu huurudisha katika hali yake. Hali ikipuuzwa, mfupa huanza kuliwa, mara nyingi bila maumivu, na mfupa uliopotea ni vigumu sana kuurudisha. Mwisho wake skrubu hulegea, na fedha za magunia kadhaa hupotea pamoja nayo. Dalili za kuangalia ni damu wakati wa kupiga mswaki, uvimbe, usaha, harufu, au jino kucheza.

Kwa hiyo mwenye kipandikizi, kabla ya kupanda basi kurudi Ufipa, aombe vitu viwili: kadi yenye jina la mtengenezaji na ukubwa wa skrubu aliyowekewa, na nakala ya picha ya eksirei iliyopigwa kazi ilipokamilika. Skrubu za kila mtengenezaji zina vifaa vyake, na picha ya kwanza ndiyo itakayomwonyesha daktari wa Sumbawanga au Mbeya kama mfupa umeshuka.

Na anapokwenda kusafishwa, aseme mwanzoni kabisa: hapa nina kipandikizi. Ncha ya kawaida ya mashine ni ya chuma kigumu, na ikipita juu ya titani huikwaruza. Palipokwaruzwa ndipo ukoga unapopata pa kuganda. Kipandikizi husafishwa kwa ncha maalumu iliyovikwa plastiki, kwa vyuma vya mkono vya plastiki au vya titani, au kwa mashine inayopuliza unga laini. Kama kituo hakina vifaa hivyo, meno ya asili yasafishwe kwa mashine, na kipandikizi kisiguswe kwa ncha ya chuma. Kisuguliwe kwa burashi laini na uzi wa meno hadi pale atakapofika penye vifaa. Uchunguzi wa kila baada ya miezi 6 unatosha kwa wengi. Mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, au aliyewahi kuugua fizi aende mara nyingi zaidi, kama daktari atakavyomwelekeza.

Daktari wa kila siku

Yote hayo, mashine na safari, ni ya mara chache kwa mwaka. Daktari wa kila siku ni mswaki wenyewe. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba lau si kuhofia kuutaabisha umma wake, angeuamrisha kupiga mswaki kwa kila swala. Mwenye kuifuata sunna hii kwa makini haupi ukoga nafasi ya kuwa jiwe. Mswaki wa mti hufanya kazi njema ukitafunwa ncha ukawa laini, ukakatwa ncha ilipochakaa, na ukafikishwa upande wa ndani na kwenye magego, si mbele tu. Juu yake ongeza burashi na dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, na uzi wa meno au viburashi vidogo pale ambapo mswaki haufiki. Mwenye kipandikizi atumie viburashi ambavyo waya wake umevikwa plastiki.

Wazazi tuwakague watoto wetu, nasi tuwakague wazazi wetu. Kijana akae karibu na babu yake, amwombe kwa heshima afungue kinywa, aangalie kwa tochi nyuma ya meno ya chini. Akiona tabaka la njano au jeusi, amshike mkono ampeleke hospitali. Na babu akisema kwamba ugaga ndio unaomshikia meno, amweleze kwa upole yale aliyoyasoma hapa.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa katika maradhi ya kufa kwake na kichwa chake kimeegemea kifuani kwa Bibi Aisha (r.a.), aliutazama mswaki uliokuwa mkononi mwa Abdurrahman bin Abi Bakr. Bibi Aisha akajua kwamba anautaka, akauchukua, akaulainisha kwa meno yake, na Mtume akapiga mswaki kwa namna nzuri kabisa. Basi ikiwa hilo lilikuwa miongoni mwa matendo yake ya mwisho hapa duniani, mmoja wetu atakuwa na udhuru gani wa kukiacha kinywa chake mpaka maji ya udhu yawe adhabu kwake?

Mwenyezi Mungu atupe afya ya viungo vyetu na atuwezeshe kuvitunza. Amin.